Jalada Lililorudi kwa Mungu

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulifunga safari kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikuwa wakikusanya mimea na wadudu; Anthony Allison alikusanya damu. Alikuwa amekulia kwenye shamba la wazazi wake katika Bonde la Ufa, malaria ilikwishamlaza kitandani utotoni, na sasa alikuwa anasomea udaktari. Shabaha yake ilikuwa kujua makundi ya damu ya watu wa Kenya, lakini katika vipimo vyake akaongeza kimoja cha ziada: kutazama ni nani ambao chembe zao nyekundu za damu hujikunja kama mundu zikikosa hewa ya oksijeni. Alipolinganisha majibu, akaona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba hali hiyo. Nyanda za juu, hata mmoja katika 100 ilikuwa shida kumpata. Mtoto aliyekulia Kenya hakuhitaji kuambiwa ramani hiyo inafanana na nini. Penye mbu wengi ndipo penye miundu mingi.

Ugonjwa wa selimundu, ambao mitaani huitwa zaidi sikoseli, ulikuwa umeshaelezwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Aliyerithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja huishi maisha ya kawaida na mara nyingi hajui kama anacho. Aliyekirithi kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa. Chembe zake za damu hukauka, hujikunja, hukwama kwenye mishipa midogo. Vidole vya mtoto mchanga huvimba, macho huwa ya manjano, mifupa huuma maumivu ambayo hata morfini wakati mwingine haiyatulizi, damu hupungua, na wapo wanaopata kiharusi kabla hawajajua kusoma. Bila matibabu, inakadiriwa kuwa nusu au zaidi ya watoto wa Afrika wenye ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Hapo ndipo kitendawili kilipo. Kinasaba kinachoua watoto kiasi hicho kilipaswa kufutika chenyewe, kwa kuwa wafu hawazai. Kwa nini watu wa pwani ya Kenya na wa visiwa vya Ziwa Viktoria bado wanacho?

Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Alipima watoto wa maeneo ya Kampala, akakuta wanaobeba kinasaba kimoja wana vimelea vichache vya malaria kuliko wenzao. Kisha akafanya jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelitolea macho: wanaume Wajaluo 30 waliokubali kushiriki waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na kinasaba, vimelea vilishika kwa 14. Kati ya 15 wenye nacho, vilishika kwa wawili tu. Makala yake ilichapishwa mwaka 1954, na wataalamu wengi waliipokea kwa mashaka. Miongo kadhaa baadaye, watafiti wa Kilifi waliofuatilia watoto wa pwani walithibitisha kwamba kubeba kinasaba kimoja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Ni miongoni mwa kinga za kuzaliwa zenye nguvu zaidi zilizowahi kupimwa.

Hesabu ya kukirithi kinasaba hiki ni fupi na haina huruma. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi mbili katika nne ya kumleta mtoto aliyekingwa na malaria, nafasi moja ya mtoto asiye na kinga wala ugonjwa, na nafasi moja ya mtoto mgonjwa. Mimba inayofuata, hesabu huanza upya kana kwamba hakuna aliyezaliwa kabla. Kuna nyumba yenye watoto wanne na wote wazima. Jirani yao ana watatu, na wote watatu wanalazwa kwa zamu.

Kwa mwanabiolojia, huu ni mmoja wa mifano safi kabisa ya uteuzi wa asili katika mwili wa binadamu, na ushahidi wake uliokusanywa Kenya, Uganda na Tanganyika sasa husomeshwa dunia nzima. Kwa anayeamini kwamba Mungu ni mwema na ni mweza, ni habari nyingine. Kinga ya mtoto mmoja imelipiwa kwa mifupa ya mwingine, na aliyelipa hakuulizwa.

Kabla ya Allison, maumivu hayo hayakukosa wa kubebeshwa. Watuhumiwa walikuwa wengi. Mtoto akifa, kulikuwa na mke mwenza, jirani mwenye kijicho, mkwe aliyekasirika, mzimu uliosahauliwa, jini, au mama mwenyewe na dhambi aliyoificha. Pwani ya Tanzania, degedege ya malaria ilielezwa kuwa ni kazi ya pepo anayepita kama ndege usiku wa mbalamwezi na kumwangushia mtoto kivuli chake. Hata katika miaka ya 1990, watafiti waliokwenda Bagamoyo waliwakuta waganga wakifukiza kinyesi cha tembo, na wazazi wakiogopa sindano ya hospitali kwa kuamini kwamba ingemmaliza mtoto. Huko kwa Waigbo wa Nigeria mtoto aliyekufa mapema, na nduguye aliyemfuata akafa vilevile, alisemekana kuwa ni yuleyule anayekuja na kuondoka kuwatesa wazazi. Baadhi ya wasomi wanaona selimundu nyuma ya imani hiyo.

Mwanateolojia John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jinsi katika jamii nyingi za bara hili balaa halitokei bure: lazima awepo aliyelituma. Mungu Mkuu alibaki mbali na ugomvi huo, safi. Watu walimwomba mvua, hawakumsomea mashitaka ya mtoto aliyekufa, kwa sababu mashitaka hayo yalikuwa na wenyewe hapahapa kijijini. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika jambo la kushabihiana na hilo kuhusu Wazande mwaka 1937. Mzande anajua vizuri kuwa mchwa ndio waliokula nguzo za ghala. Anachotaka kujua ni kwa nini ghala lianguke saa ile, wakati watu wale ndio waliokaa chini yake. Mchwa hawajibu swali hilo. Mchawi analijibu.

Sasa tazama maabara imefanya nini. Imewaachia huru watuhumiwa wote kwa siku moja. Mke mwenza hana hatia, jini hana hatia, na mama ambaye mumewe alitaka kumwacha kwa sababu ya watoto wagonjwa hana hatia zaidi ya mumewe, maana ugonjwa huu hauji bila mchango wa pande mbili. Ni ukombozi mkubwa, na ni ajabu jinsi wanaoililia dini dhidi ya sayansi wanavyousahau. Lakini kesi haikufungwa. Mtoto bado analia usiku, na kizimba kilichokuwa kimejaa watu sasa ni kitupu. Jalada limepanda mahakama ya juu, na jina pekee lililobaki ndani yake ni la Yule aliyeumba damu, mbu na kimelea.

Mara nyingi husemwa kwamba sayansi inamfukuza Mungu kwa kueleza mambo yaliyokuwa yakielezwa kwa kumtaja Yeye: radi, gharika, mimba. Huenda katika mabishano ya vyuoni ndivyo ilivyo. Kwenye wodi ya watoto inafanya karibu kinyume chake. Inamleta Mungu mbele zaidi ya alivyowahi kuletwa na bibi zetu, kwa kuwa imemnyang'anya wote waliokuwa wakisimama kati yake na lawama. Ndiyo maana shaka ya leo ina ukali ambao shaka ya zamani haikuwa nao.

Charles Darwin aliuonja ukali huo mapema. Binti yake Annie alikufa Malvern, Uingereza, Aprili 1851, akiwa na miaka kumi, na baba aliyemwoa binamu yake wa kwanza alihangaishwa na wazo kwamba huenda udhaifu wa watoto wake ulitoka kwao wazazi. Mwaka 1860, kitabu chake kuhusu asili ya spishi kikiwa tayari kimetikisa watu, alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo wa dhati. Alimweleza kuhusu nyigu ambao mabuu yao hula kiwavi kutoka ndani akiwa bado hai, akasema hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema na mweza aliwaumba kwa kusudi hilo. Katika barua hiyohiyo alikiri pia kwamba hawezi kuridhika kuuona ulimwengu huu wote kuwa kazi ya nguvu pofu. Wanaomnukuu husoma nusu ya barua, kila mmoja nusu inayomfaa.

Lakini si Darwin aliyeanzisha kesi hii. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, Basra, mji ambao meli zake zilijuana na pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, kwa biashara na kwa utumwa, inasimuliwa kwamba mwanateolojia wa Kiislamu Abul Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili alikufa kafiri, wa tatu alikufa mtoto. Al-Jubbai alikuwa Muutazila, na wanateolojia wa kundi hilo walishikilia kuwa Mungu humfanyia kila mja lililo bora kwake. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kukua na kupata daraja la kaka yake, aliuliza al-Ash'ari, ataambiwa nini? Ataambiwa, akajibu mwalimu, kwamba Mungu alijua angekua akawa mwovu. Basi yule kafiri atapiga kelele kutoka motoni: na mimi mbona hukuniua mdogo? Mwalimu, wasimulizi wanasema, alinyamaza.

Iwe mazungumzo hayo yalifanyika hivyo au yalitungwa na wafuasi, hoja yake haijapata mpinzani rahisi, na mafundisho yanayohusishwa na al-Ash'ari ndiyo yaliyokuja kusomeshwa kwa karne nyingi pamoja na fikihi ya Shafii kuanzia Lamu hadi Kilwa. Al-Ash'ari hakuacha kuamini. Aliacha kumtetea Mungu kwa mahesabu ya faida. Muumba, kwa msimamo huu, hana wa kumwita shaurini, na wema si kanuni iliyoandikwa juu ya kichwa chake. Ni jibu lenye uti wa mgongo, ingawa mtu anaweza kuliona kuwa limeokoa enzi ya Mungu kwa kuuacha wema wake kwenye giza.

Selimundu inaonyesha kwa nini al-Ash'ari aliyakwepa mahesabu hayo. Ukitafuta mfano wa maumivu yanayoleta heri kubwa zaidi, hutapata ulio bora kuliko huu: kinasaba hiki kimeokoa watoto wengi kuliko kiliowaua, la sivyo kisingebaki. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba badiliko lenyewe lilitokea mara moja tu, kwa mtoto mmoja wa Afrika, takriban miaka 7,300 iliyopita. Wabebaji wote wa leo, wa Ukerewe, Kinshasa, Salalah na Brazil, kwa makadirio hayo ni wazao wake. Mtoto huyo pengine alipona malaria iliyowazika wenzake. Mtetezi wa Mungu angeweza kuishia hapo akafurahi.

Tatizo ni kwamba heri imekwenda kwa mmoja na maumivu kwa mwingine. Mzazi anayemtia mwanawe chanjo humwumiza yeye ili yeye apone. Hapa anaumizwa Asha ili apone Juma. Kisha ukumbuke kwamba kinga hii ina maana pale tu penye malaria, na malaria yenyewe, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano, nayo inahitaji kutolewa maelezo na mtetezi huyohuyo. Na wajukuu wa waliovushwa Atlantiki kwa minyororo, wanaoishi Chicago au Detroit kusikokuwa na malaria, bado wanazaa watoto wagonjwa. Kwao deni limebaki na faida imekwisha. Hoja ya heri kubwa inapata hapa ushahidi wake bora, na ushahidi huohuo unaiangusha. Padri au sheikh anayeipeleka kando ya kitanda cha mgonjwa angefanya vyema kuiacha mlangoni.

Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza huko India, alipokigundua kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu Agosti 1897, aliandika shairi la kumshukuru Mungu kwa kumhurumia na kumpa siri hiyo mkononi. Haikumpitikia, angalau katika beti hizo, kuuliza mbu huyo ni wa nani.

Je, anayejua damu zaidi ndiye anayeamini kidogo? Wawili wanatosha kuonyesha kuwa mambo hayaendi hivyo. J. B. S. Haldane, Mwingereza aliyedokeza mwaka 1948 na 1949 kwamba malaria ndiyo inayohifadhi ugonjwa wa damu wa thalasemia kandokando ya Bahari ya Mediterania, alikuwa haamini Mungu na hakuficha. Hoja yake ilikuwa ya kiutendaji: anapopanga jaribio hachukulii kwamba malaika au shetani ataliingilia, na kwa kuwa njia hiyo imezaa matunda, angekuwa mnafiki kuishi nje ya maabara kwa imani nyingine. Kwa upande wa pili yuko Francis Collins wa Marekani. Akiwa mtafiti kijana huko Yale alichunguza watu wachache ambao mwili wao hauachi kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile inayoweza kumkinga mgonjwa wa selimundu. Baadaye aliongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu. Kabla ya hayo yote alikuwa haamini. Katika mafunzo ya udaktari, bibi mmoja aliyekuwa akiumwa moyo alimsimulia imani yake kisha akamuuliza, na wewe daktari unaamini nini? Akakosa la kusema, akaanza kusoma, akaishia kuwa Mkristo, na mwaka 2006 akaandika kitabu cha kutetea imani na mageuko ya viumbe kwa pamoja.

Haldane na Collins waliziona chembe zilezile. Hakuna aliyekuwa mjinga kuliko mwenzake. Hilo linapaswa kuwatahadharisha wahubiri wanaosema shaka ni kiburi, na pia vijana wa mitandaoni wanaosema imani ni kukosa shule. Damu inamwondoa Mungu wa aina moja tu: fundi anayekaa akimtengenezea kila mtoto mwili unaomfaa. Wengi wanaosema wamempoteza Mungu wamempoteza huyo. Je, yupo mwingine? Darubini haina jibu, na kuiuliza ni kuionea.

Kitabu cha Ayubu, cha kale kuliko mabishano haya yote, kinaushika mwenendo wa kesi vizuri kuliko vitabu vingi vya falsafa. Rafiki zake wanamtaka akiri kosa, kwa kuwa hakuna anayeteswa bure. Yeye anakataa, na anatamani apatikane mwamuzi wa kati yake na Mungu. Mwishoni Mungu hamwelezi sababu ya mateso yake. Anachofanya ni kuwakasirikia wale rafiki, waliojitia mawakili wake, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni mlalamikaji. Ayubu wa Waislamu, ambaye washairi wa pwani walimtungia utenzi, ni mwenye subira zaidi na hagombani. Lakini naye ugonjwa wake hausimuliwi kuwa adhabu.

Mwishoni mwa 2023 kesi ilipata mshitakiwa mpya. Uingereza, na wiki chache baadaye Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri vinasaba vya mgonjwa wa selimundu ili mwili uanze tena kutengeneza ile himoglobini ya utotoni. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania, ambako inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, tatizo la wengi haliko hata karibu na bei hiyo: ni kumpima mtoto akizaliwa, penisilini, dawa ya kuzuia malaria, na vidonge vya hydroxyurea ambavyo havina siri yoyote ya kisayansi. Anayemuuliza Mungu kwa nini mtoto huyu alizaliwa na damu hii ana swali halali. Anayemuuliza kwa nini alikufa akiwa na miaka minne kwa homa ya mapafu amekosea anwani kwa kiasi fulani; sehemu ya jibu iko kwenye bajeti.

Dini zenyewe zimeanza kuiingiza hesabu ya kinasaba hiki kwenye ibada. Nigeria yapo makanisa yasiyofungisha ndoa mpaka wachumba walete majibu ya kipimo cha damu. Saudi Arabia iliufanya upimaji wa selimundu na thalasemia kuwa sharti kabla ya ndoa mwaka 2004, bila kuwazuia waliokutwa wote ni wabebaji: wanaelezwa hatari, kisha uamuzi ni wao. Mwaka wa kwanza, jozi zilizoacha kuoana hazikufika moja katika kila kumi zilizoonywa. Kufikia 2009 zilikuwa takriban nusu. Walioendelea na ndoa wangeweza kusema wanamtegemea Mungu, na wengi wa walioivunja wangesema hivyohivyo.